Dondoo muhimu: Kiporo kisilale

Ligi ya pool ya mtaani hapa Nduguti, wilayani Mkalama, lazima ifuate kalenda ya shamba. Mvua zikishika kuanzia Desemba, wachezaji wengi wako kwenye alizeti na mtama. Mechi zao ziwekwe Jumapili.

Asiyeweza kufika amjulishe nahodha wa wapinzani siku moja kabla, kwa meseji, si kwa kumtuma mtu. Papo hapo pangeni tarehe mpya, isizidi siku 14. Hapa ndipo ligi nyingi zinapoharibika: viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vinalundikana hadi bingwa anajulikana wengine hawajacheza. Hata mechi ya Simba na Yanga ya 8 Mei 2021, iliyoahirishwa baada ya saa ya kuanza kubadilishwa siku ileile, ilichezwa 3 Julai. Saa ikishatangazwa, iacheni.

Asiyetoa taarifa asubiriwe dakika 30, kisha mpinzani apewe ushindi wa mezani. Msiba na ugonjwa visiingizwe humo kamwe. Aliyetoka kuzika hastahili kukuta amepokwa pointi.

Umeme ukikatika katikati ya gemu, pigeni picha ya meza. Mipira ilivyokaa ndivyo mtakavyoanzia.