Matema: Mguu Majini, Mpaka Wapi?

Ukitoka Kyela mjini kwenda Matema unapitia Ipinda, katikati ya mashamba ya mpunga, migomba na kakao. Ule mchele unaonukia, unaogombaniwa hadi Dar es Salaam, unatoka bonde hili. Mbele yako Milima ya Livingstone inashuka mpaka ziwani. Ufukweni nilikuta akina mama wa Kikisi wanauza vyungu, watoto wanaoga, wavuvi wanashona nyavu.

Nikavua viatu, nikaingia maji ya magoti. Je, hapo nilikuwa bado Tanzania?

Swali si la mzaha. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa hadi mdomo wa Mto Songwe. Malawi inaushikilia, pamoja na azimio la OAU la Cairo, mwaka 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Mwaka 2012 mzozo ulipamba moto, kisha ukapelekwa kwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano.

Wenzangu mnaosoma sheria, usomeni mkataba huo, lakini na Matema mfike. Waliotia saini kule Berlin hawakumuuliza mvuvi yeyote wa huku. Ufuko ukihesabiwa kuwa ndio mpaka, huyu mvuvi akitafuta kitoweo cha wanawe hatua kumi tu kutoka nyumbani, tayari yuko ugenini.