Tetemeko la Nchi Lililoupiga Mji wa Bukoba

Wasomaji wetu wa Igwachanya na vijiji vya Wanging'ombe wamezoea habari za mvua, za mahindi na za viazi. Habari za nchi kutetemeka huonekana kuwa mambo ya mbali. Lakini yaliyoupata mji wa Bukoba mwaka 2016 yanatuhusu sana sisi tunaojenga kwa tofali. Twawaomba wakuu wa vijiji na walimu wayasome polepole, kisha wawaeleze wale wasiojua kusoma.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, nchi ilitetemeka huko Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Wapimaji walilipa tetemeko hilo kipimo cha 5.9. Lilisikika mpaka Uganda, Rwanda na Kenya. Katika Kagera watu 17 walikufa, wengine zaidi ya 400 wakajeruhiwa. Nyumba zaidi ya elfu mbili zilianguka, na maelfu mengine zilibaki zimesimama lakini zimepasuka, hata mwenyewe asijue kama aingie au asiingie. Kesho yake Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, alifika mjini, na watu wakakusanyika katika uwanja wa Kaitaba kuziaga maiti. Wengi walilala nje, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa nzima, kwa maana tetemeko kubwa hufuatwa na madogo, na ukuta uliopasuka jana huweza kuangushwa na mtikisiko mdogo wa leo. Lau tetemeko lile lingalipiga usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, twaamini hesabu ya waliokufa ingalikuwa kubwa kuliko hiyo.

Sababu yake ni nini? Wako wazee wanaosema kuwa nchi hutikiswa na mizimu iliyokasirika, na hatupendi kuwacheka, kwa kuwa mtu akiona mlima unatikisika hutafuta maneno ya kulieleza jambo hilo. Lakini wataalamu wamechunguza na kupima. Mwamba ulio chini yetu si kitu kimoja kizima; umekatika vipande vikubwa sana, na vipande hivyo husogea. Afrika ya Mashariki inatengana kidogo kidogo na sehemu nyingine ya Afrika, milimita chache tu kwa mwaka, pungufu ya upana wa punje ya mahindi. Pale inapotengana ndipo lilipo Bonde la Ufa, ambalo mkono wake mmoja hupita Kenya na kuingia kaskazini ya Tanzania, na mkono mwingine hupita magharibi, penye maziwa ya Albert, Kivu na Tanganyika, ukateremka mpaka Rukwa na Nyasa. Mwamba husukumwa miaka mingi bila kusogea, kama fimbo inayopindwa mikononi. Hata siku moja hukatika ghafula, na mshindo wake ndio tetemeko. Lile la Kagera lilianzia chini ya ardhi kiasi cha kilomita 40. Mpaka sasa hapana mtu duniani awezaye kutaja siku wala saa tetemeko litakapokuja, na anayedai kuijua asisadikiwe.

Basi na tutazame kwa nini nyumba zilianguka, maana hapa ndipo penye fundisho letu. Nchi ikitetemeka haimwui mtu aliyesimama shambani. Kinachoua ni ukuta. Tofali ni kitu chenye nguvu likibebeshwa mzigo kutoka juu, lakini likisukumwa kutoka ubavuni ni dhaifu, hasa kama limeunganishwa na mwenziwe kwa udongo mtupu. Udongo hujaza nafasi, haushiki. Nyumba ikitikiswa, kila ukuta huyumba kwa njia yake. Pembe huachana kwanza, kwa sababu fundi hakuzifungamanisha tofali za ukuta huu na za ule. Kisha ukuta mrefu usio na kitu cha kuushika juu huinama na kuanguka. Ule ukuta wa pembe tatu ulio chini ya paa huwahi kuanguka, kwa kuwa uko juu na haukushikwa na kitu. Bati ni jepesi, nalo peke yake huwa na madhara machache.

Wahaya wa zamani walikaa katika msonge, nyumba ya mviringo ya miti na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikitikiswa hupinda, kisha hurudi. Hatusemi kwamba watu warudi katika msonge, kwa kuwa nyasi nazo zina hatari yake ya moto, na nani leo hapendi nyumba ya tofali? Lakini ni haki kukiri kwamba mjenzi wa msonge, bila kusoma kitabu, alitumia vitu vinavyokubali kuyumba, na sisi tumeviacha bila kuweka badala yake.

Mtu asiseme kuwa Kagera ni mbali. Tarehe 13 Desemba 1910 palitokea huko Rukwa tetemeko lenye kipimo cha kiasi cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika. Kipimo kikipanda namba moja, nguvu huongezeka kiasi cha mara 32. Kwa hiyo tetemeko la Rukwa lililizidi la Bukoba zaidi ya mara 100. Tena mwezi wa Desemba 2009 nchi ilitetemeka mara nyingi huko Karonga, Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na kubwa lao lilikuwa na kipimo cha 6.0, watu walikufa, na maelfu wakakosa makao. Ziwa hilo ndilo linalogusa Ludewa katika mkoa wetu wa Njombe, na Milima ya Livingstone ni ukingo wa bonde hilo hilo.

Afanyeje, basi, mtu anayejenga sasa? Kwanza achague mahali: si kwenye mteremko mkali uliochimbwa, wala juu ya udongo wa kujaziwa. Tofali za pembeni zipishane, kozi kwa kozi. Dirisha lisikae karibu na pembe. Juu ya madirisha na milango upitishwe ule mkanda wa zege na nondo ambao mafundi huuita lenta, nao uzunguke nyumba nzima bila kukatika, kama pete inavyoshika mpini wa jembe. Twajua nondo na saruji ni ghali. Lakini mwenye fedha kidogo ni afadhali ajenge vyumba viwili vyenye mkanda kuliko vinne visivyo nao. Walimu nao wawafundishe watoto kwamba nchi ikitikisika, aliye nje abaki nje mbali na kuta, na aliye ndani ya darasa ajikinge chini ya dawati wala asikanyagane mlangoni.

Huko Bukoba shule mbili za zamani, Ihungo na Nyakato, ziliharibika hata zikafungwa. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Serikali ya Uingereza, ikazinduliwa na Rais John Magufuli mwezi wa Januari 2021, zaidi ya miaka minne baada ya tetemeko. Kenya ilileta mabati, mablanketi na magodoro. Ama nyumba za watu, Rais alikwisha kusema mwanzoni mwa mwaka 2017 kwamba Serikali itatengeneza majengo ya umma, na kila mwananchi ajijengee yake. Hivyo wengi walirudi kwenye kifusi, wakaokota tofali zilizobaki nzima, wakaanza tena msingi.