Somo: Shaka ya Mgonjwa

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Mwezi wa Septemba watu wazima 961 wa Beni na Butembo waliulizwa habari zake. Zaidi ya robo yao walijibu: Ebola si ugonjwa wa kweli.

Neno hilo halikutoka katika ujinga tu. Tangu 2014 watu wengi waliuawa kando ya Beni, na msaada ulikuwa haba. Tena, Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika miji hiyo, Ebola ikitajwa kuwa sababu. Basi watu wakanong’ona: “Mbona leo tunahurumiwa?”

Kwa hiyo wagonjwa wengi walijificha nyumbani. Waliopelekwa wakiwa wamezidiwa walikufa wengi, na jirani wakasema: “Tazameni, aendaye kule harudi.” Hivyo shaka ilizaa kifo, nacho kifo kikaongeza shaka.

Kifungo hicho kililegezwaje? Kwa kuona. Huko Beni wagonjwa walilazwa katika vyumba vyenye kuta za plastiki ionyeshayo ndani; jamaa waliwatazama na kusema nao. Waliopona waliwalea watoto wachanga wa wagonjwa. Mwaka 2019 ilithibitika kwamba dawa mbili zaokoa walio wengi miongoni mwa wanaowahi kutibiwa.

Ugonjwa ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya vifo 2,287.

Maswali
1. Kwa nini watu walishuku?
2. Kuchelewa kulidhuru namna gani?
3. Jirani yako akiogopa hospitali, utamcheka au utamsindikiza?