Ngoma kazini, bila kumsifu shefu

Ukitaka kuleta ngoma kazini, jua kwanza kwamba katika Kongo hii jambo hilo lina historia. Miaka ya 1970, Rais Mobutu aliporudi kutoka ziara za China na Korea Kaskazini, watumishi walichezeshwa na kuimbishwa sifa zake na za chama cha MPR. Wakubwa wetu wanaiita animasio, na hawajaisahau. Nilipotoa wazo la ngoma kwenye kituo chetu cha afya hapa Fataki, mama mmoja wa usafi aliniuliza, "Tutamwimbia nani, Shefu?"

Nikamjibu: hakuna. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya kwanza, na bado naiona kubwa kuliko nyingine zote. Hakuna jina la mkubwa ndani ya wimbo, hakuna orodha ya waliohudhuria, na asiyetaka kucheza hatoi sababu.

Vijana walitaka haka. Waliiona kwenye simu, wachezaji wa raga wa New Zealand wakipiga mapaja na kutoa ulimi. Ni ngoma nzuri, na Wamaori huitumia pia kupokea wageni na kuwalilia wafu. Lakini Ka Mate, ile maarufu zaidi, ina wenyewe: ilitungwa na Te Rauparaha, mkuu wa Ngāti Toa, kama miaka 200 iliyopita, na mwaka 2014 Bunge la New Zealand lilipitisha sheria ya kumtambua. Tena hapa Fataki ni eneo la Djugu, lenye historia ya vita. Katika timu moja kuna Walendu, Wahema na Waalur, na wengine wamekimbia vita hivyo zaidi ya mara moja tangu 1999. Sitaki mtu amtolee jirani macho makali, hata kwa mchezo.

Tukachagua agwara ya Waalur, zile baragumu za mbao. Uzuri wake ni kwamba baragumu moja haina wimbo. Kila mtu ana sauti yake, anaipuliza zamu yake ikifika, na wimbo unatokea katikati ya watu. Wasoga wa Uganda wana ndugu yake, bigwala, ya vibuyu, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2012 kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Kama huna baragumu, kata mabomba ya plastiki ya maji kwa urefu tofauti na ulainishe midomo yake. Bomba refu hutoa sauti nzito, fupi hutoa nyembamba. Mpuliza hukaza midomo na kuitetemesha. Dokta wetu alichelewa kulijua hilo kuliko mlinzi wa usiku, na kila mtu alifurahi sana. Mwite mzee anayeijua ngoma yenyewe, umlipe kama unavyomlipa fundi, naye ndiye apange mstari. Shefu apewe bomba refu linalolia mara chache, akae nyuma.

Maneno ya wimbo wowote wa ziada yasikilizwe kwanza na mtu wa kila lugha iliyopo; kuna nyimbo tamu zenye matusi kwa jirani. Aliyefiwa aachwe akae. Fanyeni Jumamosi baada ya kazi, kabla ya chakula, kwa sababu wakishashiba hawanyanyuki.

Simu zibaki ndani. Mfadhili akitaka picha, apige ya chanjo.