Fito za Kioo Juu ya Tangi la Samaki: Ni za Lazima?



Somo letu la leo ni la vikundi vinavyolea vifaranga vya samaki kando ya ziwa, na vile vinavyotaka kutengeneza tangi la kioo. Wavuvi wa mbuta wanaotumia kamba za ndoana nyingi hununua vifaranga vya kambare (mumi) kuwa chambo, kwa hiyo hapo pana soko. Tangi la kioo linafaa kwa sababu unaona mayai na vifaranga kwa macho yako.

Tuseme mmemwita fundi wa vioo. Anawaambia, "Zile fito za juu ni urembo tu. Tukiziacha mtaokoa pesa." Je, mkubali? Kabla ya kujibu, tupige hesabu.

Maji yanasukuma kiasi gani?

Tangi letu lina urefu wa sm 100, upana sm 40, na kina cha maji sm 50. Hizo ni lita 200. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi meza yenu itabeba kilo 200, kupita magunia mawili ya mahindi ya kilo 90.

Lakini maji hayakandamizi chini tu, yanasukuma pia pembeni. Kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 125. Mkipunguza maji yafike sm 25, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 31 hivi. Kina kimekuwa nusu, nguvu imekuwa robo! Na mkiongeza upana kutoka sm 40 hadi 80, lita zinakuwa mara mbili lakini kioo cha mbele kinasukumwa vilevile. Basi kina ndicho cha kuangaliwa, si wingi wa lita peke yake.

Kazi ya fito

Kioo cha mbele kimeshikwa chini na kioo cha sakafu, na pembeni na vioo vya ubavuni. Juu hakishikwi na kitu. Kwa hiyo ukingo wa juu, pale katikati, ndio unaotoa tumbo nje. Kioo kikipinda sana, gundi inavutwa kwenye viungo, au kioo chenyewe kinapasuka.

Tazameni mashua zetu. Zile mbao za kukalia si viti tu. Zinashika ubavu huu na ule visiachane wala kufinyana. Fito ya kioo inayokatiza tangi kutoka mbele hadi nyuma inafanya kazi hiyo hiyo. Zile mbili ndefu zinazolazwa ndani ya ukingo, mbele na nyuma, zinauzuia ukingo usipinde.

Basi jibu ni nini?

1. Tangi dogo, kama la urefu sm 60 na kina sm 30, la kioo cha mm 6, kwa kawaida husimama bila fito.

2. Tangi kubwa nalo linaweza kusimama bila fito, ila kwa kioo kinene zaidi. Kioo kikiwa kinene mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara nane. Lakini bei nayo hupanda. Ulizeni bei zote mbili.

3. Kwa tangi letu la sm 100, chukueni kioo cha mm 10 pamoja na fito. Msikubali kioo cha dirisha cha mm 3 au 4.

4. Tangi lililotengenezwa na fito linazitegemea. Msizitoe ili mkono upite vizuri.

Wakati wa kujenga

Fito ziwe za unene uleule wa kioo, upana sm 5 hivi. Tumieni gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo yaweza kuua samaki. Ngojeni hadi harufu kama ya siki iishe kabisa. Meza ipimwe kwa pimamaji, kwa sababu fito haiokoi tangi lililokaa mshazari.

Jazeni maji nje ya nyumba kwa siku mbili, watoto wakiwa mbali. Pimeni upana wa juu, katikati, kabla na baada ya kujaza. Ukizidi kwa mm 2, au ukiendelea kuongezeka siku ya pili, toeni maji.

Je, fito ikivunjika tangi likiwa na vifaranga? Punguzeni maji hadi nusu mara moja, ndipo mumwite fundi.

Maswali ya kujadiliana

1. Tangi la shule lina kina cha sm 40. Likijazwa hadi sm 20 tu, nguvu kwenye kioo cha mbele inapungua kwa kiasi gani?

2. Katika kikundi chetu, ni nani atakagua viungo na fito kila wiki?

3. Tukilinganisha na karai za plastiki au tangi la saruji, je, kioo kinatufaa kweli kwa pesa tulizo nazo?