Kutoka Ukumbi wa Kongamano hadi Darasa la Vanga: Teknolojia, Lahaja na Ufundishaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa, na lahaja ya Kiunguja ikakubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo uliipa Afrika Mashariki lugha moja ya vitabu na mitihani. Hata hivyo, uliamua pia kwamba mtoto wa Vanga aingiapo darasani atakuta lugha iliyo ndugu ya ile ya nyumbani kwao, lakini si ile ile.

Walimu bado huhudhuria makongamano ya kitaaluma Mombasa, na teknolojia ya darasani ni miongoni mwa mada zinazojadiliwa sana. Makala haya yanajadili swali moja: mwalimu wa Kiswahili atokaye Vanga arejee na nini? Hoja inayotetewa ni kwamba kifaa hakina budi kupimwa kwa kazi ya lugha kinayoifanya, na kwamba kwa Vanga kifaa chenye manufaa makubwa ni kinasa sauti kilichomo katika simu ya mkononi.

2.0 Mazingira ya Lugha

Vanga ni mji wa kale katika ncha ya kusini ya pwani ya Kenya, Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania, nao umezungukwa na mikoko. Lahaja yake ni Kivumba, ambayo husemwa pia kisiwani Wasini; na katika eneo hilo Chidigo nacho kinasikika sana. Lambert aliielezea lahaja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1957. Nurse na Walsh, walipoichunguza pamoja na Chifunde katika makala yao ya mwaka 1992, waliona kwamba wasemaji wamehama kwa kiasi tu, na kwamba lahaja hizo hazijafa.

Hali hii ina athari darasani. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Chidigo, ambamo kiambishi cha umoja cha ngeli ya KI-VI ni chi-, anaweza kukiingiza katika insha yake ya Kiswahili. Mwalimu akipiga mstari mwekundu pasi na maelezo, mtoto hujifunza kwamba amekosea, lakini hajui amekosea nini. Baya zaidi, anaweza kuamini kwamba lugha ya bibi yake ndiyo kosa.

3.0 Mawazo ya Kongamano na Kipimo Chake

Tangu mwaka 2016 serikali ya Kenya ilipoanza kugawa vishikwambi kwa shule za msingi, na mtaala wa umilisi ukautia ujuzi wa kidijitali miongoni mwa stadi saba za msingi, mwalimu amekuwa akihimizwa kutumia teknolojia. Kuhimizwa si kuelekezwa. Mara nyingi mshiriki wa kongamano hurejea na cheti pamoja na orodha ndefu ya programu, na baada ya muhula mmoja orodha hiyo husahauliwa. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu huja na kuondoka bila mwenyeji kupata nafuu.

Mishra na Koehler, katika makala yao ya mwaka 2006, walieleza kwamba maarifa ya teknolojia hayatoshi yakiwa peke yake. Sharti yafungamane na maarifa ya somo na maarifa ya ufundishaji. Kwa kipimo hicho, projekta huonyesha picha kwa darasa zima, lakini yaweza kumwacha mwanafunzi akiwa mtazamaji tu. Programu za maswali ya papo kwa papo huchangamsha darasa, ila nyingi huhitaji intaneti na hupima zaidi kukumbuka kuliko kuzungumza. Kinasa sauti hakihitaji intaneti, na hushika kile ambacho ubao haukiwezi: usemi wenyewe.

4.0 Mfano wa Somo

Tuchukulie somo la kusikiliza na kuzungumza kuhusu uvuvi au mikoko. Somo hilo laweza kupangwa kwa hatua zifuatazo:

(a) Wanafunzi watunge maswali matano ya kumwuliza mzee mvuvi.
(b) Kwa idhini ya mzee, mazungumzo ya dakika chache yanaswe kwa simu ya mwalimu.
(c) Darasa lisikilize mara mbili, kisha makundi yaandike sehemu fupi kama ilivyosemwa, bila kuisahihisha.
(d) Ubao ugawanywe safu mbili, usemi wa mzee na Kiswahili sanifu, na wanafunzi waeleze tofauti za sauti, viambishi na msamiati.
(e) Kila mwanafunzi aandike aya moja ya Kiswahili sanifu kutokana na aliyoyasikia.

Hatua ya (d) ndiyo kiini cha somo. Hapo tofauti inakuwa kanuni inayoelezeka, na mwanafunzi anajua lini atumie umbo lipi. Sarufi aliyoigundua mwenyewe hukaa kuliko aliyotajiwa. Isitoshe, majina ya samaki, ya mitego na ya sehemu za chombo, ambayo huenda hayamo katika kitabu cha kiada, yanahifadhiwa.

5.0 Changamoto

Njia hii haikosi matatizo. Simu moja haitoshi darasa kubwa, kwa hiyo makundi hayana budi kupokezana. Kelele za upepo huharibu sauti, hivyo ni bora kunasa ndani ya nyumba. Aidha, programu za kusahihisha tahajia zimejengwa juu ya Kiswahili sanifu, na maneno ya lahaja huyaweka alama ya kosa. Mwanafunzi aelezwe mapema kwamba alama hiyo si hukumu. Mwisho, mtihani hupima lugha sanifu, na mwalimu asiyefika hatua ya (e) atakuwa amewapunja wanafunzi wake.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba thamani ya kongamano haimo katika wingi wa vifaa vinavyoonyeshwa, bali katika swali ambalo mwalimu huenda nalo ukumbini: wanafunzi wangu wanashindwa wapi katika lugha, na kifaa hiki kitawasaidia vipi? Wajumbe wa mwaka 1928 walikwisha kuchagua lahaja ya shule. Mwalimu wa leo hana haja ya kuutengua uamuzi huo. Ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto wa Vanga anaifikia lugha ya shule bila kuionea haya ya kwao. Inapendekezwa kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni viwashirikishe walimu wa maeneo ya lahaja katika makongamano yao, si kama wasikilizaji tu, bali kama watoa mada.