Seva ya mchezo nyumbani: Anza na waifai yako kabla ya kufungua mlango wa nje

Likizo ikifika, wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wamemaliza bando kabla ya saa sita mchana. Sehemu ya bando hilo huenda kwenye michezo inayochezwa na watu wengi kwa pamoja, ile ambayo wachezaji hukutana katika ulimwengu mmoja wakachimba mawe, wakajenga nyumba na kulima mashamba. Ulimwengu huo sharti ukae kwenye tarakilishi fulani, nayo ndiyo huitwa seva. Si lazima iwe ya kampuni iliyo ng'ambo. Kipakatalishi cha zamani kilichoachwa kabatini kinaweza kuifanya kazi hiyo, na wachezaji wakiwa kwenye waifai moja hawatumii bando hata kidogo. Ruta ikiwa imewashwa inatosha, hata kama intaneti imekatika.

Kwa anayejifunza, tunapendekeza Luanti. Programu hii ilianzishwa mwaka wa 2010 na Mfini mmoja, ikiitwa Minetest, kisha ikabadilishwa jina mwezi wa Oktoba 2024. Ni ya bure, haidai akaunti ya kulipia, na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na simu za Android. Bando utalihitaji mara moja tu: kupakua programu yenyewe pamoja na mchezo mmoja kutoka kwenye hifadhi iliyo ndani yake. VoxeLibre ni mzuri kwa kuanzia, hasa kwa waliokwisha kuionja Minecraft.

Fungua programu kwenye kipakatalishi, tengeneza ulimwengu mpya, kisha kabla ya kuanza kucheza weka tiki kwenye kisanduku cha kuufanya uwe seva. Andika jina lako na nenosiri. Nambari ya poti, yaani mlango ambao wenzako watapitia, huwa 30000, iache hivyo. Kuna pia kisanduku kingine cha kuitangaza seva kwa umma. Hicho usikiguse.

Sasa tafuta anwani ya kipakatalishi chako. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Utaona anwani ya IPv4, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Wachezaji wengine wataingiza anwani hiyo na poti 30000 kwenye simu au tarakilishi zao, wachague jina na nenosiri, na wataingia.

Wasipoingia, usikimbilie kufuta programu. Mara nyingi ni Windows imewafungia nje: siku ya kwanza huuliza iwapo programu iruhusiwe kwenye mtandao, na watu hubofya kukataa bila kusoma. Iruhusu kwa mtandao wa nyumbani pekee. Hakikisha pia kwamba wote wana toleo moja la Luanti. Na kama mnatumia waifai ya umma, huenda imewekwa makusudi ili vifaa visionane. Hapo hakuna dawa ila kutumia ruta yenu.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni nakala. Mwandishi wa makala haya aliwawekea wapwa zake seva kwenye kipakatalishi kilichokufa betri. Kwa wiki tatu walijenga soko zima, na vibanda na barabara zake. Jioni moja stima ikapotea, na iliporudi mashine haikuwaka tena. Nakala haikuwepo. Kueleza kwamba “ni mchezo tu” hakukusaidia chochote, kwa sababu kazi ilikuwa yao na mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji. Kwa hivyo: kipakatalishi chenye betri nzima ni bora kuliko tarakilishi ya mezani, na kila jioni zima seva kwanza, kisha nakili folda yote ya ulimwengu kwenye flashi. Ukinakili seva ikiwa inaendelea, nakala inaweza kuwa na kasoro.

Baadaye vijana wataomba marafiki wa mtaa mwingine waingie kupitia intaneti. Hapa nenda polepole. Angalia kwenye ukurasa wa ruta anwani iliyopewa kutoka nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua poti kwenye ruta hakutafaa kitu. Umuulize kama anatoa anwani ya umma, na kwa bei gani.

Hata ukiipata, mlango ulio wazi huonekana na kila mtu. Mwaka wa 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi za nyumbani ambazo wenyewe hawakuwa wamebadilisha nenosiri la kiwandani. Vijana Wamarekani walioiunda walikuwa wamejikita katika ushindani wa biashara ya seva za Minecraft, na mwaka wa 2017 walikiri makosa mahakamani. Badilisha nenosiri la ruta yako leo, uwe na seva au usiwe nayo.

Ndani ya Luanti, kataa manenosiri matupu kwenye mipangilio, na weka mgeni aweze kuongea tu, asiweze kuchimba wala kujenga mpaka umpe ruhusa kwa amri ya /grant. Msumbufu mtoe kwa /kick, akirudi, /ban. Watoto wasitumie majina yao kamili wala ya shule zao. Kituo cha vijana au klabu inayoandikisha watoto kwa majina na nambari za simu ipate kwanza idhini ya mzazi au mlezi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.